Njia ya Ndani

Mnaniuliza kwa nini Makambako hakuna tena mbio za farasi, mnadhani farasi walikufa kwa baridi. Baridi gani? Farasi anaipenda baridi kuliko ninyi mnaojikunyata hapo. Kaeni niwaambie, na msinikatize, maana nikikatizwa katika jambo hili silirudii.

Mimi Yoramu wa Kitandililo nilikuwa mtunza uwanja wa klabu ya mbio za wazungu, miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwingereza bado ametukalia. Uwanja ulikuwa nje ya Makambako, kando ya barabara ya Njombe. Masetla walitoka kwenye mashamba yao ya pareto na miti ya miwati, wengine wakitoka hadi Mbeya, kuja kutazama farasi wakivuta vigari. Kigari kilikuwa na magurudumu mawili na kiti kimoja, dereva anakaa miguu ameitanua, mkia wa farasi unamchapa usoni. Na farasi haruhusiwi kukimbia. Ndiyo, mmesikia vizuri: ni mbio, lakini farasi haruhusiwi kukimbia! Anatakiwa achapue miguu kwa mpango, wa mbele wa kulia uende pamoja na wa nyuma wa kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Akishindwa akaanza kuruka, dereva anamvuta nyuma mpaka arudie mwendo, na wenzake wamekwisha kwenda. Mara ya kwanza niliwacheka wazungu mpaka machozi yakanitoka. Baadaye nikaupenda mchezo wenyewe, sikatai. Farasi aliyeshika mwendo wake sawasawa anapendeza kumtazama.

Sasa mchezo ule waliuua wenyewe kwa madaraja yao na kwa uwanja wao. Madaraja yalikuwa matatu. Farasi akishinda mara mbili daraja la tatu anapandishwa la pili, akishinda mara mbili la pili anapandishwa la kwanza. Kushuka hakuna, maana bwana gani atakubali farasi wake ashushwe mbele ya wake za wenzake? Basi wanapanda, wanapanda, huko juu wanashindwa kila Jumamosi na farasi mmoja wa Mgiriki mwenye lori, na huku chini wanabaki vilema na wazee. Farasi wote walikuwa kumi na wanne, madaraja matatu! Kuna siku nilishuhudia mbio ya farasi wawili. Wawili tu. Hiyo ni mbio au ni posa? Wageni wa Mbeya wakachoka, wakaacha kuja.

Uwanja nao ndio ulikuwa kazi yangu. Ulikuwa mzunguko wa nusu maili, farasi anauzunguka mara mbili kutimiza maili moja. Nilikuwa na watu sita, ng'ombe wawili, na tawi la mti wa miiba la kukokota kusawazisha mchanga. Fuko wanachimba, mvua inachimba, magurudumu yanachimba. Niliomba mtaro wa kutoa maji kwenye kona ya miwati. Niliomba rola la kushindilia. Niliomba changarawe. Kila mwaka kamati inakaa barazani, inajadili, kisha inanunua kikombe kipya cha fedha cha kumpa Mgiriki yule yule. Katibu wao ndiye aliyekuwa ananiletea majibu. Sisi tulimwita Bwana Saa, kwa sababu ya saa yake ya kubonyeza iliyoning'inia shingoni hata akiwa mezani anakula.

Haya, sasa Mika. Mika alikuwa mume wa dada yangu Tabea, Mkinga wa Matamba aliyeshuka na mzigo wa viazi akanaswa na farasi. Nilikuwa namtania: "Mkinga gani wewe? Wenzako wanafungua maduka, wewe unasuka mikia." Anacheka tu. Alikuwa saisi, mtunza farasi, wa Mzungu mmoja wa Wanging'ombe, na kwa kuwa Mzungu huyo alikuwa na mgongo mbovu, Mika ndiye aliyekaa kwenye kigari chake siku za mbio. Daraja la tatu waliruhusu madereva weusi. Hayo ya juu walikaa wenyewe.

Farasi wa Mika alikuwa jike. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na Mika akamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi wa ulezi, akimnyonyesha kwa kitambaa. Karatasini alikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini Mika alimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia mara nyingi mpaka akaliitikia. Mika na Tabea hawakujaliwa mtoto. Watu walisema mengi kuhusu hilo, mimi sisemi. Ila niliona jinsi Tabea alivyokuwa anakata majani mabichi jioni, anayafunga vizuri, anampa mumewe ampelekee Tulia, na kesho yake anauliza kama ameyala.

Mwaka wa hamsini na moja Tulia alikuwa na miaka kumi na minne, na goti lake la mbele lilikuwa likivimba asubuhi za baridi. Mwezi wa tano kamati ikakaa ikaona watazamaji hakuna, ikaamua kupunguza madaraja. Kwa nini isishushe farasi walioelemewa, isichanganye, isiache farasi wazee waanze mbele kidogo? Ah! Wataelewa wapi. Bwana Saa akatukusanya mabandani, akatuambia kwa Kiswahili chake kile:

"Daraja ya tatu kwisha. Farasi yote takimbia maili moja, peke yake peke yake, mimi tapima. Dakika tatu, ingia daraja ya pili. Zidi dakika tatu..." Akanyoosha kidole kama bunduki, akakielekeza kwenye paji la uso la farasi aliyekuwa karibu naye.

Yule aliyekuwa karibu naye alikuwa Tulia. Mika alimgeuza Tulia kichwa, akamwangalisha ukutani.

Kesho yake alikwenda Wanging'ombe kwa miguu kumwomba bwana wake ampe yule farasi, amfuge tu nyumbani, hataki kitu kingine katika dunia hii. Mzungu akamwambia yeye analima pareto, hafugi vikongwe, na kwamba klabu hairuhusu mtu mweusi kuwa na farasi. "Unampenda? Basi mkimbize." Mika alirudi miguu imevimba, akaketi jikoni kwa Tabea, akalia mbele yetu bila kujificha. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume wa Kikinga akilia.

Tulia alikwisha kupimwa mara nyingi. Kwenye mchanga wangu ule hakuwahi, kwa miaka mitatu, kushuka chini ya dakika tatu na sekunde tisa. Mika alijua. Mimi nilijua. Zilibaki wiki nne kufika siku ya kupimwa.

Siku mbili tatu baadaye, nyumbani kwangu, mke wangu Yunisi alikuwa anatengeneza sakafu ya kupuria ulezi. Mnajua inavyofanywa: udongo wa kichuguu unapondwa, unachanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, unasiribwa, unapigwa kwa ubao, unaachwa ukauke, unasiribwa tena. Ikikauka hata punje moja haipotei. Mwinjilisti wetu Filemoni akapita na baiskeli, akakata kona juu ya sakafu ya Yunisi. Yunisi alimfokea, mwinjilisti au si mwinjilisti. Lakini mimi sikusikia walichokuwa wanasemezana. Nilikuwa naangalia lile gurudumu. Lilipofika kwenye sakafu lilikwenda lenyewe, Filemoni hakukanyaga pedeli hata mara moja.

Nikasimama nikaenda uwanjani siku ile ile.

Sikusakafia uwanja wote, ningeuwezea wapi? Nilisakafia njia ya ndani peke yake, ile inayofuata uzio, upana wa kigari kimoja na ziada kidogo. Siku ya kupimwa farasi wanapita mmoja mmoja na wote hushika njia ya ndani kwa sababu ndiyo fupi. Watu wangu sita niliwaambia ni amri ya Bwana Saa. Bwana Saa alipopita akaniuliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya fuko. Tulibomoa vichuguu kumi na kimoja. Wiki tatu tulisomba, tukaponda, tukasiriba, tukapiga mbao mpaka viganja vikachubuka. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Miaka yote niliomba vifaa nikanyimwa, na sasa nilikuwa nimetengeneza kwa mikono yangu njia ambayo wazungu wenyewe hawakuwahi kuiona.

Mika sikumwambia. Alikuwa amehamia Wanging'ombe kwa bwana wake wiki zote hizo, anamfanyisha Tulia mazoezi barabarani. Na hata angekuwapo nisingemwambia. Mika alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Angekwenda yeye mwenyewe kwa Bwana Saa, kofia mkononi, akasema, "Bwana, shemeji yangu ameniwekea njia."

Na nilikuwa nimepanga vizuri. Majaribio yalikuwa Jumatano. Alhamisi naivunja njia yote kwa majembe, narudisha mchanga, na mbio zenyewe ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Sababu ya kuivunja kila Mbena anaijua. Sakafu ya kupuria tunaitengeneza mvua zikiisha, tunapura, tunaiacha. Haingoji mvua. Ikinyeshewa haikanyagiki, utaanguka wewe na kapu lako, na watu watakucheka mwaka mzima.

Jumatano ikafika, jua linawaka, kavu kabisa. Mika alipoiona njia akasema, "Shemeji, umependezesha uwanja. Klabu imeanza kujali." Nikasema ndiyo. Akapanda kigarini. Tulia alipokanyaga ile sakafu masikio yakamsimama, hakuelewa sauti ya kwato zake mwenyewe. Kisha akashika mwendo. Jamani! Kigari kilikuwa hakimvuti nyuma kabisa. Alipita mbele yangu mara ya kwanza, akapita mara ya pili, goti lake lile bovu linapanda na kushuka bila kukosea, na Mika nyuma yake midomo inasema tulia, tulia, tulia. Bwana Saa akabonyeza. Akaitazama saa, akaisogeza karibu na macho.

"Dakika mbili, hamsini na saba."

Mika alishuka akamkumbatia yule mnyama shingoni. Farasi wengine nao walikwenda kasi kuliko siku zote, wote walipita, lakini Mika hakuwa na macho ya kutazama wengine. Jioni ile alimwambia Tabea kwamba Tulia hakuwa mzee kamwe, alikuwa anachoshwa na mchanga wa barabara tu, kwamba yeye ndiye aliyemdharau na anaona aibu. Tabea akanigeukia. "Kweli, kaka?" Nikamwambia kweli, nimeona kwa macho yangu. Si uongo, niliona kwa macho yangu.

Alhamisi asubuhi nikafika na watu wangu na majembe. Bwana Saa alikuwa amesimama kwenye uzio ananingoja, anatabasamu, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Yoramu! Mzuri sana hii. Mimi naandika barua Nairobi, naandika Arusha, kila mtu tajua farasi ya Makambako iko na mbio. Klabu yetu napona sasa. Usiguse. Kaa hivi hivi mpaka Jumamosi ile. Mimi naona jembe hapa, mimi nafukuza wewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Msidhani sijui. Ningesema, "Bwana, hii si njia, hii ni sakafu ya kupuria, ikipata unyevu itaua mtu." Na yeye angeuliza, kwa nini uliitengeneza? Na ningejibu nini? Vipimo vyote vingefutwa, farasi wangepimwa upya kwenye mchanga, Tulia angepata dakika zake tatu na sekunde tisa, na mnajua kilichofuata baada ya hapo. Nikawaambia watu wangu warudishe majembe. Siku tisa nikawa naangalia mbingu kuliko ninavyoangalia sahani yangu. Siku nane jua lilitoka.

Jumamosi ukungu ukashuka. Mnaujua ukungu wa mwezi wa sita, ule wa manyunyu yasiyoonekana, unajikuta umelowa hujui maji yametoka wapi. Nilifika uwanjani mapema, nikakanyaga njia ya ndani kwenye kona ya miwati, mguu ukaondoka. Nilianguka chali. Sikusubiri amri ya mtu, nikachukua jembe nikaanza kuikata. Nilikuwa nimekata kama hatua kumi hivi nilipomsikia Mika nyuma yangu, anamwongoza Tulia, amekwisha kumfunga kigari.

"Shemeji! Unafanya nini? Unaharibu njia yake!"

"Panateleza, Mika. Angalia mwenyewe."

"Panateleza kwa mtu wa miguu miwili. Huyu ana miguu minne na viatu vya chuma."

"Mtoe leo. Sema goti limevimba."

"Nimtoe?" Alinitazama kama mtu niliyemtukania mama. "Mwezi uliopita tu walikuwa wanamnyooshea kidole cha bunduki. Leo ni mara yake ya kwanza daraja la pili. Wamekubali mpaka mimi nikae, bwana wangu ameomba ruhusa. Nikimtoa leo watasema nini? Watasema ile saa ilikosea." Akaninyang'anya jembe, akaliweka nje ya uzio taratibu, hakulitupa. Mika hakuwa mtu wa kutupa vitu. "Hii ndiyo njia yake," akasema. "Hii ndiyo aliyoipita kwa dakika tatu kasoro. Nitaomba nianzie ndani."

Nilifungua mdomo. Nawaambia nilifungua mdomo kabisa. Nilikuwa na maneno yote: Mika, farasi wako ni mzito, mimi ndiye niliyemfanya mwepesi. Lakini uso wake! Mtu wa miaka arobaini, na uso wa bwana harusi. Nikafunga mdomo wangu. Nikasema, "Basi nenda polepole kwenye kona." Akasema atakwenda atakavyokwenda Tulia.

Walikuwa farasi watano. Wazungu walijaa barazani, na wageni wa Nairobi wawili wenye makoti marefu, walioletwa na zile barua. Kutoka kwenye kona ya miwati nilikosimama sikuona mwanzo, ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia tu kengele, kisha kwato. Mzunguko wa kwanza wakatokea, Tulia wa pili, njia ya ndani, Mika amejikunja. Walipita kona. Gurudumu lake liliteleza kidogo, likakaa. Nikasema asante Mungu, kwa sauti.

Mzunguko wa pili niliwasikia wanakuja kasi zaidi. Mika alikuwa wa kwanza. Alikuwa anaongoza daraja la pili na wazungu wanne nyuma yake, na sijui kama katika maisha yake aliwahi kuwa na furaha kama ile, natumaini aliwahi. Tulia akakanyaga kona. Miguu ya nyuma ikamkimbia upande. Alijaribu kuruka, sakafu haikumpa mahali pa kushika, akalala ubavu, kigari kikapinduka juu yake, na Mika akarushwa nje, katikati ya njia. Wale wanne hawakumwona mpaka walipofika juu yake. Wangemwona vipi kwenye ukungu ule?

Sitaeleza nilivyomkuta.

Mgiriki alitoa lori lake kumpeleka hospitali Njombe. Nilikaa nyuma, kichwa cha Mika mapajani mwangu, na turubai juu yetu. Kabla hatujaondoka bunduki ikalia kule kwenye kona. Mika akafumbua macho.

"Nini hiyo?"

"Ni lori," nikasema. "Linawashwa."

"Tulia?"

"Amesimama. Wanamfuta matope."

Barabara ya Njombe mnaijua, kila shimo alililia. Tulipofika kwenye mteremko akaniuliza tena, sauti imekwisha kuwa ndogo. "Zilikuwa kasoro ngapi, shemeji?"

"Sekunde tatu."

"Tatu," akasema. "Wewe uliona." Nikamwambia niliona. Hakusema kitu kingine, na Njombe tulifika na maiti.

Jumatatu Bwana Saa aliniita barazani. Karani wake Silvesta, kijana wetu wa hapa aliyesoma, alikuwa mezani anaandika taarifa ya kwenda bomani. Bwana Saa akauliza, hali ya uwanja ilikuwaje? Hapo hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikasema yote. Nikasema kwa Kiswahili, Silvesta akitafsiri: vichuguu kumi na kimoja, mavi ya ng'ombe, majivu, nani aliniamuru na nani hakuniamuru, kwa nini niliitengeneza na kwa nini sikuivunja. Nikasema, "Nifungeni. Lakini msiandike kwamba Mika hakujua kuendesha."

Bwana Saa akawa anazungusha ile saa kwenye kamba yake. Wale wageni wa Nairobi walikuwa wamekwisha kuchagua farasi wanne wa kununua na kuondoka nao, kwa kufuata vile vipimo vya Jumatano. Kama vipimo ni vya uongo, farasi ni wa uongo, na klabu ni ya uongo. Sikulielewa hilo siku ile, Silvesta ndiye aliyenifafanulia baadaye. Bwana Saa akasema neno moja la Kiingereza, na Silvesta akainamisha kichwa akaandika.

"Umeandika nini?" nikamwuliza.

"Uwanja: mzuri," akasema Silvesta, haniangalii. "Chanzo: dereva mwafrika alilazimisha farasi."

Sikufungwa. Hata kazi sikufukuzwa. Wangemfukuza mtu ambaye uwanja wake ni mzuri? Walipiga marufuku madereva weusi, basi. Wale farasi wanne walikwenda Nairobi wakakimbizwa kwenye mchanga wa watu, wakawa wanamaliza wa mwisho, na barua za matusi zikaanza kurudi. Mwaka uliofuata hakuna aliyeleta farasi kutoka nje. Walibaki sita, madaraja mawili, kisha watatu, na bado wanabishana nani awe daraja gani. Mwisho Mgiriki akawa anashindana peke yake, nawaapia, peke yake na saa. Mwaka wa hamsini na tatu wakapanda miwati uwanja mzima. Mimi ndiye niliyechimba mashimo.

Lakini sikuwaiteni hapa niwaeleze habari ya miwati. Matanga ya Mika yalipokwisha nilikwenda kwa dada yangu. Nilikuwa silali, silishiki jembe, Yunisi ameniambia nenda ukaseme au uondoke humu ndani. Nikamkuta Tabea anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa chini, nikamweleza kuanzia kwenye gurudumu la Filemoni mpaka kwenye lori. Sikujipunguzia. Mikono yake haikusimama hata mara moja, anatoa mabovu, anayatupa nje.

"Kwa hiyo Tulia hakuwa na mbio," akasema nilipomaliza.

"Hakuwa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele majirani waje, Hulda na Fidelia na wote, nisimame mbele yao nionekane nilivyo. Aliweka ungo chini.

"Asubuhi ile alirudi ndani," akasema. "Alikuwa ameshatoka, akarudi. Akaniambia, Tabea, ukungu ni mwingi, naogopa ile kona, nataka nikamtoe. Viatu alikuwa ameshavivua. Mimi nikamwambia usiwe mwoga. Nikamwambia, farasi wako ana mbio, kaka yangu ameona kwa macho yake, na kaka yangu hawezi kunidanganya. Nikamfunga viatu mimi mwenyewe."

Nikasimama niondoke.

"Usimwambie mtu mwingine," akasema, akauchukua ungo wake. "Tunatosha wawili."